Hakutoka, Alitolewa

Usiku ule nililala na nguo ileile niliyoendea ukumbini, maana hasira haikunipa hata nafasi ya kuivua. Sikutaka chakula, sikutaka kusemeshwa. Nilijitupa kitandani nikageukia ukutani, na maneno ya yule msomaji wa kwenye filamu yakawa yanaruka kichwani mwangu kama nzi waliofungiwa chumbani: kwa moyo mkunjufu, kwa moyo mkunjufu. Sijui nilipitiwa na usingizi wakati gani. Ninachojua ni kwamba bibi yangu alikuja, na alikuja akiwa amekasirika kuliko mimi.

Kabla sijaeleza alivyokuja, niseme kwanza alikuwa nani.

Bibi Mwanajuma, aliyemzaa mama yangu, aliishi Ngamiani, Tanga, maisha yake yote. Kwa miaka mingi alikuwa mama wa dirisha la tiketi katika sinema moja pale mjini. Watu wengi hawakumjua kwa jina wala kwa sura, walimjua kwa mkono, kwa sababu ndio uliokuwa ukionekana kwenye lile tundu la kioo. Picha ikishaanza alifunga dirisha, akaingia ndani, akasimama nyuma kabisa ameegemea ukuta, akatazama. Alizitazama zote, za Kihindi na za Kizungu, lakini alizipenda zaidi zile za zamani zisizo na rangi, wanaume wa makoti marefu wanaagana na wanawake stesheni katikati ya moshi. Hata uzeeni, alipokuwa akizitazama kwenye televisheni, alikuwa akiniambia, "Hizi za siku hizi wanapiga kelele tu, mke mwenzangu. Wale wa zamani mtu akinyamaza, kanyamaza kweli."

Lakini moyoni Bibi hakuzifuata sinema kwa ajili ya picha hizo. Alikuwa akimtafuta baba yake.

Baba yake aliitwa Sefu, fundi cherehani. Wakati wa vita vikubwa vya wazungu, Bibi angali mtoto mdogo, watu wa serikali walipita wakimwambia Sefu kwamba kuna mahema ya jeshi yamechanika, aende stesheni akayashone, atarudi jioni. Akaenda na utepe wake wa kupimia ukiwa bado shingoni. Pale stesheni akapandishwa garimoshi pamoja na wengine waliokamatwa sokoni na kwenye mashamba ya mkonge. Habari zilizofuata zilisema yuko Burma. Habari zilizofuata hizo hazikuja kabisa.

Kisha siku moja gari la sinema la serikali likaja likaegeshwa uwanjani. Wakatundika shuka jeupe, mtambo ukaunguruma, watu wote wa mtaa wakakaa chini kwenye mikeka. Kwenye shuka wakatokea askari weusi wamejipanga mstari, na bwana mmoja mwenye kipaza sauti akawa anaeleza kwa Kiswahili jinsi vijana wetu walivyojitolea kumsaidia mfalme. Katika mstari ule Bibi akamwona baba yake. Wenzake walikuwa wakicheka kama walivyoamriwa, yeye hakuwa akicheka. Alikuwa akisema kitu, midomo inakwenda, ila sauti iliyosikika ni ya yule bwana tu. Watu wakapiga makofi. Mama yake Bibi akainuka, akapita katikati ya watu, akaenda kuligusa lile shuka, na alipofika ilikuwa imeshakuja picha nyingine, ya meli.

Hiyo ndiyo sababu ya dirisha la tiketi. Bibi aliamini kwamba mtu akikaa karibu na sinema muda wa kutosha, ile picha itarudi.

Na hiyo ndiyo sababu alizijua siasa za vita vile kuliko wanaume wote wa barazani kwetu. Alinisomesha vitabu kwa sauti, mimi nisome yeye asikilize na macho ameyafumba. Alijua nani alikaa na nani wakagawana nchi za watu, nani alitangaza vita kwa niaba ya nani bila kumwuliza. Mzee yeyote akisema siku zile vijana walikuwa na moyo wa kujitolea, Bibi aliweka chini kikombe chake. "Vita vile vilikuwa na wenyewe," alikuwa akisema. "Baba yangu hakuwa mmoja wao."

Besiboli ilimjia mwishoni mwa maisha. Mimi ni mwalimu wa sekondari na ninafundisha timu ya wasichana, mchezo tulioletewa na walimu wa kujitolea kutoka nje, nao wakaondoka wakatuachia magongo na glovu. Siku moja Bibi alikuja kunitazama tu, akakaa kwenye nyasi, akauliza yule msichana anakimbia kwenda wapi. Nikamwambia anazunguka vituo vyote ili arudi pale alipoanzia, na pale panaitwa nyumbani. "Yaani mchezo wote huu ni mtu arudi nyumbani?" Nikamwambia ndiyo. Tangu siku hiyo hakukosa mchezo hata mmoja. Alijifunza kanuni zote, na mwamuzi akitangaza kimakosa kwamba mchezaji ametoka, yaani hana nafasi tena, Bibi aliteta naye hadi njiani wakati watu wanakwenda zao.

Mwaka aliofariki, miezi michache kabla, alikuja kijana mtengeneza filamu kutoka Dar es Salaam, Edwini. Kamati ya kumbukumbu za mji ilikuwa imempa kazi ya kutengeneza filamu ya historia yetu. Alikaa na Bibi barazani alasiri nzima, kamera mbele yake, na Bibi alimweleza yote, stesheni, mahema, shuka jeupe. Alipoondoka Bibi alikuwa amechoka lakini uso umemchangamka. Aliniambia, "Sasa nimeingia mimi kwenye picha. Akinitafuta mtu atanipata."

Filamu ikaonyeshwa Jumamosi ile mchana, yeye akiwa tayari kaburini. Ukumbi ulijaa. Nilikaa na Mjomba Bakari, mwanawe wa pekee wa kiume. Na kweli Bibi akatokea, uso wake umejaa ukuta mzima, kila kunyanzi linaonekana. Midomo yake ikaanza kwenda. Na juu yake ikaja sauti nzito ya mwanamume: "Wazee wetu wanakumbuka jinsi vijana wa Tanga walivyoitikia wito wa vita kwa moyo mkunjufu."

Ukumbi ukapiga makofi.

Nilimfuata Edwini mlangoni. Hakunitazama machoni. "Dada Hawa, maelezo yake yalikuwa marefu mno. Kamati ilitaka kitu cha kuwaunganisha watu." Nikamfuata mwenyekiti wa kamati, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akanipa pole ya msiba, akaniambia kuanzia wiki ijayo filamu itazungushwa shule zote, na ya kwangu ikiwemo. Wasichana wangu wangeketi chini waone midomo ya Bibi inasema uongo alioupinga tangu utotoni. Mjomba akanivuta pembeni. "Waache, Hawa. Mama amekwisha kulala. Mwache apumzike."

Ndivyo nilivyokwenda kulala.

Kwanza niliona jua. Jua la utosini, uwanja wa shule, chokaa imepigwa upya kuonyesha mistari. Katikati, pale anaposimama mrushaji, kimewekwa kibanda cha tiketi cha sinema, kizima kizima, na kioo chake. Kwenye tundu naona mkono wa Bibi. Nikaenda, nikainama. "Shikamoo, Bibi." Hakuitikia. Katika maisha yake hakupata kuniachia shikamoo yangu hewani, nami nikaogopa. Mkono ukatoka, ukanikamata, ukanivuta, na mara nimo ndani ya kibanda, bega langu kwenye bega lake. Ni kijana kuliko mimi. Nywele kazisuka, amevaa gauni la kazini. Lakini sauti ni ile ya mwisho, ya kitandani.

"Umeiona?"

"Nimeiona, Bibi."

"Na mimi nimeiona. Nilisimama nyuma."

Naangalia nje kupitia kioo na uwanja umejaa askari. Wamevaa kaptura na soksi ndefu, wamesimama kwenye vituo, wengine wamechutama wakisubiri mpira. Hakuna anayeongea. Kwenye kituo cha mwisho kabla ya nyumbani amesimama mwanamume mwembamba, na utepe wa kupimia unaning'inia shingoni mwake. Hakuna picha yake hata moja nyumbani kwetu, lakini nilimjua kama ninavyolijua jina langu. Ameinama kidogo, mguu mmoja mbele, anatazama nyumbani.

Mpira unapigwa. Sioni nani kaupiga, nasikia tu ule mlio safi wa gongo, na mpira unapaa unapotelea juani. Sefu anakimbia. Anakimbia vibaya, kama mtu ambaye kazi yake ni ya kukaa, utepe unapepea nyuma yake, anajitupa chini, na mguu wake unagusa nyumbani. Niliuona ukigusa. Niliona vumbi likiruka. Naapa niliuona.

Mwamuzi akasogea. Ni mwenyekiti wa kamati, amevaa suti ileile ya mchana, kashika kipaza sauti. Akasema kwa upole, kama mtu anayetoa pole, "Ametoka. Kwa hiari yake."

Kutoka pande zote za uwanja yakaja makofi.

Bibi akaweka kiganja chake kwenye kioo. "Hakutoka," akasema. "Alitolewa."

Sefu akainuka, akajipangusa, akarudi kwenye kituo chake bila kulalamika, akainama tena. Mpira ukapigwa tena. Akakimbia tena, akagusa tena, na yule mwamuzi akasema maneno yaleyale kwa sauti ileile, na makofi yakaja yaleyale. Halafu tena. Nikaona atakimbia hivyo milele. Nikatoka kibandani namwendea yule mwamuzi. Nilitaka kumpokonya kile kipaza sauti. Nyasi zinanishika miguu. Nanyoosha mkono kumkamata koti, na ninachokamata ni kitambaa. Ni shuka. Jua halipo tena, mtambo unaunguruma nyuma yangu, nanusa mafuta ya taa na jasho la watu.

Nimekaa kwenye mkeka. Kushoto kwangu kuna mwanamke amejitanda kanga, uso wake siuoni. Kulia kwangu kuna mtoto wa kike, mdogo, vidole mdomoni. Wote tunatazama shuka. Hapiti askari hata mmoja pale, yupo Bibi, mzee, kama alivyokuwa mwaka wake wa mwisho, midomo yake inakwenda, na ile sauti nzito inasema juu yake kwa moyo mkunjufu, kwa moyo mkunjufu, bila kuchoka.

Mtoto akanivuta nguo. "Yule bibi anasema nini?"

Mimi najua anachosema. Neno kwa neno ninakijua, nimekisikia mara nyingi kuliko nilivyosikia wimbo wowote. Nafungua kinywa nimwambie na hakuna kitu kinachotoka. Nasukuma kwa nguvu zangu zote. Naona macho ya yule mtoto yananisubiri, anaanza kukata tamaa, anageuka kutazama shuka tena, na sasa anaanza kupiga makofi, kwa sababu wote wanapiga makofi.

Hapo ndipo Bibi alipotoka kwenye shuka. Alitoka kama mtu anayeshuka kwenye kizingiti, akashika kanga yake isimwangushe, akasimama mbele ya taa ya mtambo. Kivuli chake kikafunika picha yote. Makofi yakakatika. Ile sauti ikaendelea kidogo, ikajikuta peke yake, ikanyamaza.

Akanitazama. Bibi yangu alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini pale alisema machache, na aliyasema polepole, kama anayempa mtu maagizo ya kupeleka mbali.

"Niondoe mle, au nirudishie kinywa changu. Mojawapo. Na Bakari umwambie mimi sijalala."

Nikaamka nimekaa kitako, kinywa wazi. Nje kulikuwa kumepambazuka, mtu anafagia uani. Hasira yangu ilikuwapo bado, lakini sasa ilikuwa imetulia na imejua njia ya kwenda. Nikanawa uso, nikaenda kwa Mjomba.

Alikuwa barazani anavaa viatu.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Mbona mapema hivi?"

Nikamweleza ndoto yote, hakunikatiza. Nilipofika kwenye yale maneno ya mwisho aliacha kufunga kamba za kiatu.

"Alisema hivyo? Kwamba hajalala?"

"Alisema nikwambie wewe."

Alikaa vile ameinama. Halafu akauliza, "Alikuwa amekasirika?"

"Sana."

"Basi ni yeye." Akafunga kamba, akaingia ndani, akatoka amevaa kanzu na kofia. "Wewe ni mjukuu, watakuzungusha. Mimi ni mwanawe. Twende."

Tulimkuta mwenyekiti nyumbani kwake anakunywa chai, madirisha yote wazi kwa ajili ya upepo. Edwini alikuwapo, amekuja kuaga kabla ya kurudi Dar, begi lake la kompyuta liko miguuni. Mwenyekiti akatukaribisha kwa furaha, akaagiza vikombe viongezwe. Mjomba akakaa, hakugusa kikombe.

"Mheshimiwa, tumekuja kwa jambo la mama."

"Mzee Bakari, naelewa uchungu wenu. Lakini filamu imepokelewa vizuri. Umeona mwenyewe watu walivyopiga makofi."

"Hata siku ile ya shuka jeupe walipiga makofi," nikasema. "Bibi alikuwapo, aliona. Alimweleza Edwini mbele ya kamera kwamba babake alichukuliwa kwa hila, na ninyi mkamtia mdomoni maneno ya waliomchukua. Usiku huu amenijia ndotoni, anataka kinywa chake."

Mwenyekiti akamgeukia Mjomba, kama watu wazima wanavyogeukiana mtoto akikosa adabu. "Naona mjukuu hakulala vizuri. Sasa kwa sababu ya ndoto, Mzee Bakari, unataka tuirudie kazi yote?"

Mjomba hakupandisha sauti, wala hakuwahi kuipandisha maishani mwake kwa ninavyokumbuka.

"Sikuja na ndoto, Mheshimiwa. Nimekuja kumchukua mama yangu. Ama aseme mwenyewe, ama mumtoe mle niondoke naye. Na mpaka mojawapo lifanyike, mimi nimekaa hapa."

Edwini ndiye aliyejibu, huku anatazama mazulia. "Sauti yake ninayo yote. Sikuifuta."

"Kwa nini hukuitumia?" nikamwuliza.

"Niliambiwa inaleta machungu ya zamani."

Hakusema nani alimwambia, na chumbani mle hakukuwa na haja ya kuuliza. Mwenyekiti alikoroga chai ambayo ilikuwa imeshakorogwa.

Filamu haikwenda shuleni wiki ile. Ilichukua vikao na maneno mengi, na wakati mwingine mimi na Mjomba tulikaa nje ya milango ya watu mpaka miguu ikafa ganzi, na ilipokwenda shuleni hatimaye ile sauti nzito ilikuwa imetolewa pale na Bibi alikuwa anasema mwenyewe, ingawa si yote aliyoyasema, na hilo sijalisamehe. Lakini nisimulie asubuhi ile ilivyokwisha.

Edwini alifungua kompyuta, akaiweka mezani kati ya vikombe, akatafuta, akapata. Bibi akajaa kwenye kioo. Akakohoa kidogo kama alivyozoea, akajiweka kanga vizuri begani.

"Jina langu ni Mwanajuma binti Sefu," akasema. "Baba yangu hakwenda vitani. Baba yangu alikwenda stesheni kushona mahema."

Nje watu walikuwa wakipita, na mmoja au wawili wakasimama karibu na dirisha. Mwenyekiti akawaona. Akamwambia Edwini kwa sauti ya chini, "Hebu punguza kidogo, majirani watasikia."

Edwini akanyoosha kidole. Mjomba akaweka mkono wake juu ya mkono wa yule kijana, bila kumbana.

"Acha hivyo hivyo," akasema.